Bati la Wakoli

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Nimechekwa vya kutosha kazini, na hasira zangu ziko karibu.

Mimi si mtu wa kuamini majini. Nimefanya kazi kiwanda cha sabuni huko Industrial Area tangu nikiwa na nywele kichwani, na kitu pekee nilichowahi kuogopa ni msimamizi wa zamu. Majirani hapa Mowlem wakianza hadithi zao za paka anayeongea, mimi huinuka nikaenda kulala. Kwa hiyo nikikuambia nilichokiona ukutani mwangu, usidhani nilikuwa nakitafuta.

Jioni moja mke wangu, Nangila, alinituma Kiamaiko. Watu hutumwa Kiamaiko nyama ya mbuzi. Mimi nilitumwa kumchukua mwanangu.

Usishtuke. Wakoli alikuwa ameshatutoka. Ule msimu wa mafuriko, mto ulipopanda hadi kwenye nyumba za chini, alishuka kuwasaidia watu kutoa magodoro. Akamtoa mama mmoja na watoto wake. Kisha akarudi kuchukua jiko la gesi la yule mama. Jiko la gesi, jamani! Wenzake walimwona akiteleza, wakauona mkono, halafu hawakuona kitu. Tulitafuta mpaka Dandora. Tulizunguka mochari zote. Hatukupata hata kiatu.

Kwetu Bungoma, mtu akipotea hivyo hatumwachi hivi hivi. Hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukalazwa kaburini, ukazikwa kwa jina lake, ili naye huko aliko ajue amefika nyumbani. Kaka yangu mkubwa, Shiundu, ndiye aliyesimamia. Alinipigia simu, akarudia kama anaongea na kiziwi: "Lete nguo zake zote, Nyongesa. Zote. Mtu hazikwi nusu."

Nangila alikataa kusafiri.

"Mimi sijazaa mgomba," alisema.

Akanifungia nguo kwenye mfuko, akaniambia ndizo hizo, akaenda zake kukanda chapati. Nilisafiri peke yangu. Nikauzika mgomba, nikalia mbele ya watu bila haya, nikarudi Nairobi. Nilidhani yameisha.

Sasa, Nangila ana kibanda karibu na stegi ya matatu, anauza chapati na matumbo. Matumbo huyafuata Kiamaiko kwa wachinjaji, na njiani kuna stoo ya kijana mmoja Msomali aitwaye Ayanle. Ayanle ni mchoraji. Si wa mabango ya vinyozi. Yeye huchora mistari tu, na hiyo mistari yake hupelekwa maonyesho mjini, watu wakaitazama wakishika videvu. Huyo ndiye ambaye mke wangu alimwendea, bila kuniambia, akamwomba amchoree mtoto.

Nilifika jua likizama. Mbuzi waliobaki sokoni walikuwa wanalia. Nikaingia stoo ile, nikashika mlango nisianguke. Kuta zote zilikuwa zimejaa mistari myeusi na myeupe, na haikuwa imetulia. Kulikuwa na duara linazunguka. Nikilikazia macho, linasimama. Nikitazama pembeni, linaanza tena.

"Ni macho, mzee," Ayanle akasema. Ni kijana mwembamba, mpole, ana rangi mpaka kwenye nyusi. "Rangi haisongi. Macho ya mtu ndiyo hayatulii. Mimi kazi yangu ni kuyachokoza."

"Mimi yangu usiyachokoze. Mzigo uko wapi?"

Akatoa gunia. Chini yake kulikuwa na bati. Bati la kuezekea nyumba, lile la kawaida lenye matuta na mabonde, la kunifika kifuani. Lilikuwa limejaa mistari ya buluu, ya kahawia, na myeusi. Hakuna picha. Nikaanza kuchemka, nikijua mke wangu ametapeliwa.

"Kila tuta lina mbavu mbili," akasema upesi, maana aliniona. "Ubavu wa huku nimechora picha moja, ubavu wa kule nyingine. Ukisimama mbele zinachanganyikana, huoni kitu. Hebu sogea kulia kidogo."

Nikasogea.

Wakoli akaniangalia.

Sijui nikuelezeje. Mwanya wa meno yake. Lile sikio lililokunjika tangu azaliwe. Alikuwa anakuja, bega moja mbele, kama alivyokuwa akiingia nyumbani akisikia harufu ya chakula. Nikasogea kushoto ili nisimwone, na huko nako nikamkuta. Amenipa mgongo, anaenda zake. Nikarudi katikati. Mistari mitupu.

"Umemjuaje hivi?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa yangu.

"Mama alileta picha kwa simu." Alikuwa anajikwangua rangi kwenye kucha, hanitazami. "Mzee, mimi sichorangi watu. Mamangu hunikanya. Anasema anayechora kiumbe, siku ya mwisho ataambiwa akipulizie roho. Hata huyu sikumchora. Mimi nimechora mistari tu. Uso mnauleta nyinyi."

"Basi kwa nini ulikubali?"

"Alisimama hapo mlangoni na matumbo yake kwenye karatasi, akalia. Kesho yake akarudi, akalia tena. Ningefanyaje?"

Nilipokuwa nafunga bati kwenye mkokoteni alinifuata nje.

"Litundikeni mahali pa kupita," akasema kwa sauti ya chini. "Pa kupita tu, si pa kukaa. Mtu akikodoa sana, macho huchoka. Na macho yakichoka... huona yanachotaka."

Tulilitundika kwenye ukuta wa kando, kati ya mlango na pazia la jikoni. Ukiingia unamwona anakuja kukupokea. Ukitoka unamwona mgongo. Na nisiwe mnafiki, siku za kwanza zilikuwa tamu. Nangila alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Akitoka kibandani humsalimu, "Umeshindaje, baba?" Na mimi nikienda kazini humwambia yule mgongo, "Haya, tuonane jioni." Mtu mzima na akili zangu.

Kisha Nangila akaanza kutembea.

Mwanzo nilidhani anafagia. Kulia, kushoto. Kushoto, kulia. Polepole, uso wake kwenye bati, leso ikiburuta chini. Nikimwuliza anasema, "Ukipita polepole anageuka." Siku nyingine akasema, "Ukipita polepole sana, anapiga hatua." Chapati zikaanza kuungua. Halafu hazikupikwa kabisa. Jirani yetu Mideva, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alinisimamisha langoni akiwa mnyenyekevu ajabu.

"Baba Wakoli, mama hajafungua kibanda wiki hii. Mchana kutwa nasikia nyayo tu, huku na huku. Ako sawa kweli?"

Nikamwambia ashughulike na sufuria zake. Lakini usiku ule nilimtazama mke wangu akivua leso, nikaona mifupa ya mabega. Miguu yake ilikuwa na tope kati ya vidole. Mwanamke ambaye hakuwa ametoka nje.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Ilikuwa jioni, taa inawaka, mimi niko kwenye kiti changu nakula ugali. Kutoka kwenye kiti kile, bati huonyesha mgongo. Siku zote mgongo, maana nimekaa upande wa ndani. Nikameza tonge, nikainua macho. Mgongo. Nikamega jingine, nikainua macho.

Sikio.

Nikaweka tonge chini. Sikusogea. Nakuapia sikusogea hata kidole. Shavu likatokea nyuma ya sikio. Likaja polepole... kama mtu aliyeitwa kwa mbali, hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Harufu ya mto ikajaa chumbani, tope na mafuta ya gari na kitu kilichooza. Mahali fulani pakaanza kudondoka maji.

Tone.

Tone.

Mfereji wa jikoni ulikuwa umekauka tangu asubuhi.

"Umemwona, eh?" Nangila akanong'ona kutoka jikoni. "Nilijua utamwona."

Nikafoka. Ndiyo dawa yangu ya woga, kufoka. Nikasema ni uchovu, ni zamu ndefu, ni macho, kama alivyosema yule kijana. Nangila alipita mbele ya bati, akapita tena, akitabasamu.

Asubuhi nilijifunga viatu nikitazama sakafu. Mlangoni nikashindwa kujizuia. Nikageuza shingo kumtazama yule mgongo wa kila siku.

Migongo ilikuwa miwili.

Wa pili ulikuwa wa mwanamke. Mfupi, amejitanda leso ya njano, amemshika Wakoli kwenye kiwiko. Nikaijua ile leso. Ni mimi niliyeinunua.

"Nangila!"

"Bee..." akaitikia. Alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka niliposimama, lakini sauti ilikuja nyembamba, ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Sikuenda kazini. Nilikwenda Kiamaiko mbio, nikimtukana Ayanle njia nzima. Nilimkuta anapiga rangi ubao, nikamshika shati.

"Mke wangu umemchorea nini pale? Nani amekutuma?"

"Mke gani? Mzee, wallahi, nilichora mtu mmoja! Mbele na nyuma, mmoja!"

Nilimtazama usoni nikaona hadanganyi. Alikuwa ameogopa kuliko mimi. Nikamwachia. Nikamweleza yote, miguu yenye tope, sikio, leso. Akasikiliza akiwa amejikunyata kwenye ndoo ya rangi.

"Labda ni kitambaa," akasema mwishowe, kama anajisemea. "Labda kimefura kwa unyevu, kikahamisha mistari..."

"Kitambaa gani?"

"Rangi haishiki bati vizuri. Kwanza nabandika kitambaa kwa gundi, ndio nachora juu yake. Mama alileta mwenyewe. Shati. La mistari ya buluu. Alisema ni kuukuu."

Lile shati. Shati la Wakoli la Jumapili. Nilikuwa na hakika liko Bungoma, chini ya ardhi, limevaliwa na mgomba. Nikamweleza desturi yetu, na maneno ya kaka yangu. Ayanle akajishika kichwa.

"Kwa hivyo mmezika nusu," akanong'ona. "Na nusu nyingine nimeipaka rangi mimi."

Hakukubali kuja nami. Simlaumu. Alinipa kopo la thina, ile ya kuyeyushia rangi, na matambara.

"Futa, mzee. Kabla mama hajakamilika mle ndani. Futa yote, usibakishe jicho."

Unajua alichokuwa ananiambia? Ananiambia nikamfute mwanangu. Sina mwili wake, sina kiatu chake. Nina uso huo mmoja tu, na nikaufute kwa mkono wangu. Niliketi Kariobangi kando ya barabara na kopo langu, nikashindwa kuinuka. Watu wakapita wakidhani nauza. Nilikaa pale mpaka vivuli vikawa virefu, nikijadiliana na Mungu. Mwisho nikajiambia, mtoto nilishampoteza. Mke bado ninaye. Nikainuka.

Stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima. Mlango wetu ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mwanga kidogo wa magharibi, na ile harufu.

"Nangila?"

Alikuwa amesimama mbele ya bati, pale katikati pasipoonekana kitu. Nilimwona, na sikumwona. Kipande cha leso, kipande cha ukuta. Kipande cha mkono, kipande cha ukuta. Ukuta ulionekana kati ya mke wangu na mke wangu.

Na kwenye bati, Wakoli alikuwa amefika karibu kabisa. Uso wake ulijaa kutoka juu hadi chini. Kando yake kulikuwa na uso mwingine, nusu.

"Usiongee," akanong'ona. "Utamshtua."

"Mama Wakoli, njoo kwangu. Njoo polepole."

"Anasema kuna baridi... Anasema kuna giza, hajui njia. Nani atamfunika, Baba Wakoli? Ule mgomba?"

"Njoo, mama."

"Kidogo tu. Nikamfunike, nirudi."

Akainua mguu.

Nikamwaga thina.

Nilimwaga kopo zima, nikaanza kusugua. Rangi ikalainika, ikaanza kushuka kwa michirizi, buluu na kahawia, ikifurika mabondeni mwa lile bati, ikidondoka sakafuni. Mdomo ukaenda. Mwanya wa meno ukaenda. Nangila akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia nikifumba macho. Akaning'ang'ania mkono.

"Unamzamisha! Nyongesa, unamzamisha tena!"

Tangu tuoane hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nikasugua huku nalia. Macho ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Yalinitazama, na hayakuwa na ubaya wowote, hilo ndilo linaloniua. Hakuwa jini. Alikuwa mtoto aliyepotea, anataka mamake.

"Nisamehe, baba," nikamwambia. "Mama yako bado ana kazi huku."

Nikafuta.

Kisha nikaushika ukosi wa lile shati, nikalibandua, likatoka zima, limelowa, zito kuliko shati linavyopaswa kuwa. Nangila alikuwa ameanguka chini. Alikuwa mzima, mwili wote, bila pengo. Nilimpapasa mikono na miguu kuhakikisha, nikamfunika.

Tulikwenda Bungoma wote wawili. Shiundu hakuuliza maswali. Alichimba kando ya mgomba, na Nangila mwenyewe akalilaza shati, akalikunja mikono vizuri kama la mtu anayelala. Aliimba pamoja na akina mama. Nilimshukuru Mungu, nikasema sasa Wakoli amekuwa mmoja.

Tulipofika Nairobi nikamshika Nangila bega, akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu.

"Ongea," akasema. "Nisikie ni wewe."

Mke wangu haoni nyuso. Anaona shati, anaona kofia, anaona sufuria ikichemka na chapati ikigeuka rangi. Lakini uso wa mtu, anasema, ni mistari tu. Mingine imelala, mingine imesimama, hata akisogea kulia au kushoto haikusanyiki. Daktari alimmulika akasema macho ni mazima, huzuni humfanyia mtu mambo mengi, mpeni muda. Ayanle alikuja kumwona, akakaa kitini akiinamisha kichwa, naye Nangila akampa chai bila kujua ni nani mpaka alipokohoa. Nasikia hachori tena. Anamsaidia mjomba wake kuuza ngozi.

Tumezoea. Kibanda amekifungua. Wateja humtania, "Mama, mimi ni nani leo?" naye huwajua kwa sauti, kwa viatu, kwa wanavyopenda pilipili. Na mimi kila jioni nikifungua mlango huulizwa, "Ni nani?" nami hujibu, "Ni mimi, Nyongesa." Hata hilo nimelizoea. Hujui kiasi ninachofurahi kuulizwa.

Jana nilichelewa kidogo. Nilipofungua mlango alikuwa ameketi, anachambua sukuma wiki kwenye ungo.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Nyongesa."

Akainua kichwa. Akatabasamu, lakini si kwangu. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu, na macho yake yalikuwa yametulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kama ya mtu anayeona.

"Sasa mbona unamzuia mlangoni?" akasema taratibu. "Mwache aingie, amelowa."

"Nani, Mama Wakoli?"

"Huyo uliyekuja naye. Wako siuoni, lakini wake... uso wake nauona vizuri kabisa."

Kisogo changu kikaingia baridi. Ningeweza kuufunga mlango. Ningeweza kufoka, kama ilivyo desturi yangu, maana nimezika mgomba, nimezika shati, nimemfuta kwa mkono huu huu ninaonywea chai. Sikugeuka nyuma.

Nilisogea kando, nikampisha.